Sanduku la Shangazi: Redio iliyokula kwa unga wa ngano

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo ya biashara katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Tuko saba, pamoja na mlinzi. Bosi wetu anasema tupige nyimbo zile zile zinazopigwa na redio za Dar es Salaam, la sivyo hatutapata matangazo. Nimemtii, huu ni mwaka wa pili, na matangazo hayaji. Vijana wa hapa wenye magitaa wanakuja getini kuomba wasikike, mlinzi anawarudisha. Je, kuna redio ya mji mdogo, popote duniani, iliyowahi kula kwa muziki wa watu wake yenyewe? Nataka mfano wa kumpelekea bosi.*
Msomaji, Nyanda za Juu Kusini

Marahaba mwanangu. Mfano upo, na mimi nimeishi nao kichwani karibu miaka thelathini, tangu nilipokuwa nasoma matangazo ya vifo na ya mbegu katika redio ya mji wa pamba huku kwetu Usukumani. Keti nikusimulie, maana barua yako imenigusa pale penyewe.

Mji unaitwa Helena, jimbo la Arkansas, Marekani. Uko ukingoni mwa mto Mississippi, upande wa magharibi, na enzi hizo maisha yake yote yalikuwa pamba na bandari ya mto. Redio yake ni KFFA. Hizo F, F na A ni majina ya waanzilishi: Floyd, Franklin na Anderson. K ni ya serikali: redio za magharibi ya mto ule hupewa K mwanzoni, za mashariki hupewa W. Ndiyo maana ng'ambo ya pili, mjini Clarksdale, utakuta WROX, na juu kidogo Memphis utakuta WDIA. Sisi watu wa mitambo tunafurahia vitu hivi, nisamehe.

KFFA ilianza kusikika Novemba 1941. Haikuwa imekaa sawa hewani pale wanamuziki wawili weusi walipomwendea Sam Anderson, mmoja wa wenye redio, kuomba nafasi ya kupiga. Mmoja alikuwa mpuliza harmonika, kile kinanda cha mdomo, akijiita Sonny Boy Williamson. Wa pili alikuwa mpiga gitaa, Robert Lockwood. Anderson hakuwafukuza, wala hakuwapa kazi. Aliwaambia watafute mdhamini kwanza, akawaonyesha na mlango wa kubisha: kwa Max Moore, mwenye Interstate Grocer, kampuni ya jumla iliyokuwa ikisambaza unga wa ngano ulioitwa King Biscuit.

Hapo ndipo nataka bosi wako asome mara mbili. Moore alikuwa na unga wa kuuza, na wanunuzi wake wengi walikuwa weusi wa mashambani. Alijua hawatashawishiwa na sauti ya kiofisi ikisifia unga kwa Kiingereza cha mjini. Watashawishiwa na mtu wanayemjua, aliyewapigia muziki Jumamosi usiku. Akakubali kwa sharti moja, kwamba hao wawili wautangaze unga wake. Nao wakapata ruhusa ya kitu kimoja kilichokuwa na thamani kubwa kwao: kutaja hewani wapi watapiga usiku huo. Tarehe 21 Novemba 1941 kipindi kikaingia hewani, jina lake King Biscuit Time. Siku kumi na sita baadaye Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani, nayo Marekani ikaingia vitani, lakini kipindi cha unga kiliendelea.

Sasa sikiliza saa. Saa sita na robo mchana. Hiyo saa haikuokotwa. Wachumaji wa pamba walikuwa wanatoka shambani saa sita kula. Unarudi, unanawa, unakaa chini na sahani mapajani, na hapo hapo redio ya betri inaanza kuunguruma, maana nyumba nyingi za huko mashambani hazikuwa na umeme. Robo saa ya kwanza ni ya mwili, kipindi kinakukuta umeshatulia.

Mimi hili nalijua kwa mgongo wangu. Nimezaliwa na kukulia kwenye pamba, na Juni na Julai tulikuwa tunatoka nyumbani giza bado, tunachuma mpaka jua linapopanda, halafu tunajibanza chini ya mwembe na ugali na mtindi. Redio ya Mkulima, ile ndogo ya betri mbili, ilining'inizwa kwenye tawi. Nilipokuja kuwa mtangazaji nikaomba kipindi cha ngoma za bugobogobo kiwekwe saa ile ile ya mwembe. Kikapendwa mpaka mwenye mashine ya kusaga akaja mwenyewe ofisini kuuliza bei ya tangazo. Baadaye meneja mmoja alikihamishia saa tatu usiku, akisema mchana ni wa muziki wa kisasa. Saa tatu usiku mkulima amelala, mwanangu. Kipindi kilikufa ndani ya msimu mmoja, na mwenye mashine akaondoka na hela yake. Bado kinaniuma.

Turudi Helena. Kipindi kilipokua, walikuja wengine: James "Peck" Curtis kwenye ngoma, Robert "Dudlow" Taylor kwenye piano, na baadaye Pinetop Perkins. Kundi likaitwa King Biscuit Entertainers. Walizunguka miji midogo ya jirani wakipiga mbele ya maduka ya vyakula, na ngoma kubwa ya Peck Curtis imeandikwa jina la kipindi. Redio ilitoka studio ikaenda dukani, pale pale unga ulipokuwa umepangwa rafuni. Mwaka 1947 Interstate Grocer ikatoa na unga wa mahindi ulioitwa kwa jina la Sonny Boy, picha yake juu ya mfuko. Fikiria hilo kidogo. Sembe yenye picha ya mwanamuziki wa mtaani kwenu.

Wafanyabiashara wengine walipoona, hawakukaa kimya. Lockwood alichukuliwa na unga wa Mother's Best, akapewa kipindi chake. Robert Nighthawk, mpiga gitaa mwingine, akapiga chini ya unga wa Bright Star. Wote katika KFFA hiyo hiyo. Aina tatu za unga zikishindana ndani ya redio moja ya mji mdogo, kwa silaha za magitaa na harmonika! Bosi wako anasema muziki wa kwenu hauleti matangazo. Muulize amewahi kumpelekea mwenye kiwanda cha unga sauti ya mtu ambaye wateja wake wanamjua kwa jina.

Na matokeo hayakubaki Helena. B.B. King, aliyekuja kuwa mpiga gitaa maarufu duniani, alipokuwa kijana anayefanya kazi shambani huko jimbo la Mississippi, alikuwa akikimbilia redio mapumziko ya mchana kusikiliza kipindi hicho. Muddy Waters, nyota mwingine wa gitaa, naye alikisikiliza akiwa shamba la Stovall kabla hajaenda Chicago. Lockwood alipiga gitaa la umeme, na kwa wengi wa Delta, ukanda ule wa pamba kando ya mto, ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia gitaa likilia namna hiyo. Mtoto mmoja mzungu wa kijiji cha Turkey Scratch, Levon Helm, alikuwa anakwenda mjini kuwatazama wakipiga, macho yake yote kwa Peck Curtis. Alikuja kuwa mpiga ngoma wa kundi la The Band. Lockwood mwenyewe alizaliwa kijiji hicho hicho. Sijui kama bosi wako anavutiwa na mambo ya kukuza vipaji. Kama havutiwi, mwachie hesabu za unga.

Lakini kuna jambo sitalipita kimya, hata kama halimo katika ulichouliza. Helena ni makao ya kaunti ya Phillips. Mwaka 1919, katika kaunti hiyo hiyo, wakulima weusi waliolima kwa mgawo wa mavuno walikutana kanisani Hoop Spur, karibu na Elaine, kuunda chama ili wapate bei ya haki ya pamba yao. Yakafuata mauaji makubwa ya watu weusi, na kisha wanaume weusi kumi na wawili wakahukumiwa kifo katika mahakama ya Helena. Shauri la baadhi yao lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1923 iliamua kwa upande wao. Kutoka kesi zile mpaka kipindi cha kwanza cha Sonny Boy ni miaka ishirini na miwili tu. Watu waliosikiliza redio ile na sahani mapajani, wengi walikuwa na umri wa kukumbuka. Kila siku ya kazi, robo saa, sauti ya mtu wao ilitoka mjini, kwenye mji ule ule, ikiwa huru kucheka na kuwaambia tukutane wapi usiku. Wenye redio walikuwa wazungu na shabaha yao ilikuwa biashara, sisemi vinginevyo. Ila mimi nikisikiliza kanda za kipindi kile huwa siwezi kusahau nani alikuwa amekaa upande wa pili wa spika.

Mpelekee bosi haya. Kisha mwombe saa moja tu kwa wiki, uichague wewe, na umwambie mlinzi afungue geti.

*Shangazi, nilisoma toleo lililopita ukitaja kipindi cha "biskuti" Marekani. Kwa nini watu wazima watangaziwe biskuti wakati wa chakula cha mchana? Mume wangu anasema umekosea, ni mkate.*
Mama Watatu, Dodoma

Mumeo yuko karibu na ukweli kuliko pakiti ya dukani. Biskuti ya kusini mwa Marekani si ile ngumu ya kuchovya kwenye chai. Ni kitu laini, kimeumuka, unakipasua katikati na mvuke unatoka. Mimi ningekiweka ukoo mmoja na skonzi. Unachanganya unga wa ngano, baking powder, chumvi, mafuta au siagi, na maziwa ya mgando, unakata vipande vya duara, unaoka kwenye moto mkali. Haisubiri kuumuka kama mkate, kwa hiyo mama aliyetoka shambani anaweza kuipika asubuhi na mchana. Huliwa na mchuzi mzito, na asali au molasi ikiwepo. Ndio maana unga ulikuwa biashara kubwa kiasi cha kulipia wanamuziki: nyumba moja inamaliza mfuko upesi. Mtangazaji wa kipindi alikuwa anakifungua kwa kuwaambia watu wapitishe biskuti mezani. Kwetu ingekuwa "sogezeni ugali".

*Shikamoo Shangazi, ingawa huenda tuko rika moja. Nimepiga gitaa la solo katika bendi miaka ishirini na sita. Kila mwenye redio aliyetuita alituambia hana hela ila "jina lenu litakua". Hao wa Marekani unaowasifu walilipwa, au nao walilishwa jina?*
Mstaafu wa solo, Morogoro

Basi tusalimiane tu, ndugu yangu. Habari za magitaa? Swali lako ni la haki.

Mshahara wa kweli wa wanamuziki wa kipindi kile haukutoka studio. Ulitoka usiku, kwenye vilabu vya mashambani, vibanda vya mbao ambako watu walicheza na kunywa Ijumaa na Jumamosi. Redio iliwafanyia kazi ya mpiga mbiu. Na ilifanya kweli, kwa sababu ya umbali. Mtu aliyesikia saa sita na robo kwamba Sonny Boy atapiga mahali fulani, alikuwa anaweza kufika hapo jioni hiyo hiyo. Masafa ya redio na masafa ya miguu, nyumbu na magari mabovu ya wasikilizaji yalilingana. Jina linalokua mahali ambapo wewe huwezi kufika na ngoma zako, na wao hawawezi kufika na kiingilio, hilo ndilo ulilolishwa wewe, nami nasikitika.

Angalia B.B. King. Mwaka 1948 alikwenda West Memphis, ambako Sonny Boy wakati huo alikuwa na kipindi redio KWEM, akaomba kuimba wimbo mmoja hewani. Akaimba. Mwenye baa moja ya hapo akamwambia atampa kazi ya usiku, mradi awe na nafasi redioni ya kujitangaza. Akavuka mto mpaka WDIA, Memphis, wakampa kipindi kifupi cha kuinadi dawa ya maji iitwayo Pepticon. Unaona mnyororo? Dawa inalipia dakika, dakika zinatangaza baa, baa inajaza mfuko wa mwanamuziki. Kila kiungo cha mnyororo ule kilikuwa mahali pa kufikika.

Nilipokuwa hewani kwetu, bendi ya mji ilikuja kila Ijumaa mchana, wanapiga nyimbo mbili, halafu nasema: leo saa mbili usiku wako ukumbi fulani, kiingilio kiasi fulani. Sikuwa na bajeti ya kuwalipa hata nauli. Lakini Ijumaa ile ukumbi ulijaa, na mpiga besi aliniambia mwaka ule alipeleka watoto wake shule kwa hela ya mlangoni. Kisha ukaja uongozi mpya, ukakataza kutaja ukumbi wowote usiolipia tangazo. Wakaendelea kuja kupiga bure wiki mbili tatu, wakaacha. Sikuwalaumu. Tuliwanyang'anya malipo yao na kuendelea kuwaita wageni.

*Shangazi, hapa Mombasa tumebishana barazani. Mmoja anasema Sonny Boy Williamson aliuawa Chicago, mwingine anasema alifia kwao akiwa mzee baada ya kuzunguka Ulaya. Nani kweli?*
Wa barazani, Mombasa

Wote wawili, bin ndugu, maana walikuwa watu wawili.

Wa kwanza ni John Lee Williamson, mzaliwa wa karibu na Jackson, Tennessee. Alianza kurekodi mwaka 1937, akapata jina Chicago, na huko Chicago aliuawa mwaka 1948. Wa pili ni huyu wetu wa unga. Jina lake Aleck Miller, wengine wakimwita Rice. Alipoingia KFFA jina la Sonny Boy Williamson lilikuwa tayari linauza santuri za mwenzake, naye akalibeba akalipeleka hewani. Sitamtetea kwa hilo. Mwenye jina alikuwa hai.

Lakini kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Huyu wa pili hakurekodi santuri yake ya kwanza mpaka mwaka 1951, kwa kampuni ya Trumpet, mjini Jackson, Mississippi. Miaka kumi nzima alijulikana Delta yote bila santuri hata moja dukani. Alikuwa sauti tu ya saa sita na robo, na picha kwenye mfuko wa unga. Kuna mwanamuziki gani leo angethubutu hivyo?

Baadaye alirekodi kwa kampuni ya Chess kule Chicago, na mwaka 1963 akaenda Ulaya na msafara wa wanamuziki wa blues, ndio muziki wao huo wa Delta. Uingereza alipendwa mno, akapiga na vijana wa The Yardbirds na The Animals. Wengi walidhani hatarudi mashambani. Akarudi. Mwaka 1965 alikuwa tena Helena, mbele ya kipaza sauti kile kile, akipuliza harmonika kwa ajili ya unga.

Mtangazaji wa kipindi siku hizo alikuwa Sonny Payne, mzungu aliyeajiriwa KFFA mwaka ule ule wa 1941 akiwa kijana wa kutumwa na kufagia, akaenda jeshini, na kuanzia 1951 akawa sauti ya kipindi. Aliendelea nacho mpaka alipofariki Februari 2018, akiwa na miaka 92 na vipindi zaidi ya elfu kumi na saba nyuma yake. Nimesikia watangazaji wengi wakubwa maishani. Huyu ndiye ninayemwonea wivu.

Tarehe 25 Mei 1965 saa ya kipindi ilikaribia na Sonny Boy hakutokea. Haikuwa kawaida. Peck Curtis, mpiga ngoma aliyekaa nyuma yake miaka yote ile, akatoka studio kwenda kumwangalia chumbani alikopanga. Akamkuta kitandani, amekufa usingizini. Walimzika ng'ambo ya mto, karibu na Tutwiler, Mississippi, na mpaka leo watu wanaofika kaburini huacha harmonika juu ya jiwe.